Bima ya Afya Marekani: Nani Asubiri Novemba, na Nani Hana Haja ya Kusubiri

Ukikaa na Wakenya wa Minneapolis, Wakongo wa Columbus au Watanzania wa Houston, kauli moja utaisikia mwaka mzima: "Bima? Mpaka Novemba." Mmoja kaachishwa kazi mwezi wa tatu, mwingine mkewe kajifungua mwezi wa sita, wa tatu mama yake kawasili na Green Card mwezi wa nane, na wote wanaambiwa wavute subira hadi soko la bima lifunguliwe. Kauli hiyo ni kweli nusu. Nusu iliyosahaulika ndiyo inayowaacha watu na bili za hospitali watakazolipa kwa miaka.

Soko lenyewe ni zao la sheria aliyoitia saini Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Lilifunguliwa 1 Oktoba 2013, siku ambayo tovuti ya HealthCare.gov ilizidiwa na watu hata ikawa haifunguki, na bima za kwanza zikaanza kazi 1 Januari 2014. Ni soko la mtu asiyepewa bima na mwajiri, ambaye hajafikia umri wa Medicare, bima ya serikali kwa wazee, na ambaye kipato chake kimepita kile cha Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Dereva wa Uber, mwenye lori lake mwenyewe, msusi, mhudumu wa wazee anayelipwa kwa zamu bila marupurupu: hao ndio wateja wake. Mwaka 2025 walioandikishwa walizidi milioni 24.

Kubwa lililoletwa na sheria hiyo ni kwamba kampuni ya bima haiwezi kukukataa kwa kuwa unaumwa, wala kukuongezea bei kwa sababu ya kisukari au presha. Itaangalia umri wako, unakoishi na kama unavuta sigara, basi. Hapo ndipo dirisha la kujiandikisha lilipozaliwa. Mlango ungekuwa wazi siku zote, mtu angekaa bila bima, akaugua, akakata, akatibiwa, kisha akajitoa. Tanzania walilipitia jambo hili kwa uchungu. Toto Afya Kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi waliikata mtoto akiwa tayari mgonjwa, malipo kwa hospitali yakaipita michango mara kadhaa, na mwaka 2023 Mfuko ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukawaelekeza wazazi wapitie shuleni. Huwezi kumlaumu mzazi ambaye mwanawe analazwa wiki ijayo. Ila hakuna mfuko unaoweza kuishi kwa wateja wa namna hiyo peke yao. Jimbo la New York nalo, katika miaka ya 1990, lilizilazimisha kampuni zimpokee kila mtu bila kumlazimisha yeyote anunue. Wazima wakajitoa, bei zikapaa, na soko la watu binafsi likasinyaa.

Sheria ya 2010 iliweka vizuizi viwili dhidi ya hilo: faini kwa asiye na bima, na dirisha la kujiandikisha. Faini ya serikali kuu ilishushwa hadi sifuri kuanzia 2019. Imebaki katika maeneo machache yaliyojiwekea yao, kama California, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island na jiji la Washington. Kwingineko dirisha ndilo kizuizi kilichosalia, na kwa hiyo siwaungi mkono wanaotaka lifutwe. Ugomvi wangu ni wa namna linavyoelezwa kwa watu, kana kwamba nje ya kalenda hakuna kitu.

Kalenda haina mambo mengi. Kwa majimbo yanayotumia HealthCare.gov, kama Texas, Ohio na Arizona, dirisha limekuwa likifunguliwa 1 Novemba na kufungwa 15 Januari. Aliyechagua mpango kufikia 15 Desemba huanza kutibiwa 1 Januari, na aliyechelewa huanza 1 Februari. Majimbo yenye soko lao hujipangia: Minnesota ina MNsure, Kentucky ina kynect, Maine ina CoverME, na California na New York zimezoea kwenda hadi mwisho wa Januari. Lakini kanuni zilizotolewa 2025 zimebana muda huo. Kuanzia bima za mwaka 2027, HealthCare.gov inafunga 15 Desemba, na soko la jimbo lolote haliruhusiwi kuvuka 31 Desemba. Wale wa kusema "tumalize Krismasi kwanza" watakuta kumefungwa.

Sasa tuje nje ya dirisha, ambako swali hubadilika. Soko halikuulizi unaumwa nini. Linauliza kitu gani kimebadilika katika maisha yako, na tarehe ngapi. Kwa mabadiliko mengi unapewa siku 60, na zikipita unarudi kwenye foleni ya Novemba. Hiyo tarehe ndiyo kiini cha mambo yote, na ndipo watu wetu wanapokwama. Simu ya kituo cha huduma, mkalimani akiwa katikati, huenda hivi:

"Mama, bima ya kazini iliisha lini?"

"Mwezi wa tatu, mwanangu."

"Tarehe ngapi, mama?"

"Waliniambia nisirudi. Ilikuwa Jumatatu."

"Hiyo ni kazi, mama. Mimi nauliza bima."

Mkalimani yuko sahihi kung'ang'ania. Kazi na bima si lazima ziishe siku moja. Mwajiri mmoja hukata bima siku ileile unapokabidhi kitambulisho, mwingine huiacha iende hadi mwisho wa mwezi. Siku 60 zinahesabiwa tangu bima ilipokoma. Chukua mhudumu wa nyumba ya wazee aliyeachishwa 10 Machi na bima yake ikaisha 31 Machi: ana hadi 30 Mei kuchagua mpango mpya. Tena hahitaji kusubiri ikatike, kwa kuwa anaruhusiwa kuomba siku 60 kabla. Akichagua mpango kabla Machi haijaisha, bima mpya inaanza 1 Aprili na hakuna hata siku moja anayokaa wazi. Akisubiri hadi 28 Mei, bado yumo ndani ya muda, lakini Aprili na Mei zote atakuwa amezikaa bila kinga, kwa maana bima inayokatwa nje ya dirisha huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata na hairudi nyuma.

Mtoto ndiye pekee anayerudisha saa nyuma kwa urahisi. Mzazi ana siku 60 baada ya kujifungua au kuasili, na bima inaweza kuhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, hivyo bili za wodi ya watoto zinaingia. Nimeona familia zikikaa na bili ya mtoto mchanga mezani kana kwamba ni deni la lazima, ilhali siku ya arobaini haijafika.

Orodha ya mabadiliko mengine ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kijana kufikisha miaka 26 na kutolewa kwenye bima ya wazazi. Talaka iliyokupokonya bima. Kutoka gerezani. Kupata uraia au hadhi halali ya uhamiaji. Kupoteza Medicaid, ambako muda huongezwa hadi siku 90, na hili ni muhimu kwa sababu barua ya kufutwa Medicaid mara nyingi hukaa kwenye sanduku la posta wiki kadhaa kabla mtu hajampata wa kumsomea.

Kuna mengine yana mtego. Ndoa inafungua mlango, lakini angalau mmoja wenu awe alikuwa na bima hata kwa siku moja katika siku 60 kabla ya harusi, au awe aliishi nje ya nchi. Kuhama jimbo vilevile: aliyehama kutoka Arizona kwenda Ohio bila bima yoyote hapewi kitu, kwa kuwa soko halitaki mtu ahame ili tu akate bima. Aliyehama kutoka nchi nyingine haulizwi bima ya zamani. Mshindi wa bahati nasibu ya Green Card aliyetua Dallas akitokea Kinshasa au Nairobi mwezi wa Mei ana siku zake 60 tangu alipohamia, na hakuna anayetarajia aonyeshe kadi ya bima ya Nairobi.

Hapa nataka kuwataja wazee. Watoto wengi walioko Marekani huwaombea wazazi wao ukaazi wa kudumu, mama akifika ana miaka 68, na kila mtu anadhani Medicare itampokea kwa kuwa amevuka 65. Haimpokei. Asiye na historia ya kulipa kodi ya ajira huko anatakiwa awe na Green Card na awe ameishi nchini miaka mitano mfululizo ndipo aruhusiwe hata kuinunua. Medicaid nayo kwa kawaida humtaka mwenye Green Card angoje miaka mitano. Kilichobaki ni soko, na dirisha lake ni zile siku 60 tangu alipohamia. Bei yake haitapendeza, maana sheria inaruhusu mzee wa miaka 64 kutozwa hadi mara tatu ya kijana wa 21, na kwa aliyepita umri huo bei inabaki kileleni. Hata hivyo ni afadhali kuliko ile "bima ya wageni" ambayo hulipa dharura na kukataa presha aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Yapo mambo ambayo hayafungui mlango kamwe. Kuugua hakufungui. Kushindwa kulipa ada ya kila mwezi na bima ikafutwa hakufungui. Kuamua tu kujitoa hakufungui, na hapo COBRA huwanasa wengi: hiyo ni haki ya aliyeachishwa kazi kuendelea na bima ya mwajiri, kwa kawaida hadi miezi 18, akilipa mpaka asilimia 102 ya gharama nzima. Mtu huichukua, baada ya miezi michache anaona mfuko umetoboka, anaiacha, kisha anakwenda sokoni na kuambiwa siku zake zimepita na asubiri Novemba. Ujauzito nao haufungui kwenye HealthCare.gov, jambo ambalo naliona halina utetezi, ingawa New York na majimbo mengine kadhaa yameufanya uwe sababu halali.

Mjamzito, hata hivyo, aangalie kwanza Medicaid, ambayo viwango vyake vya kipato kwa wajawazito viko juu kuliko kwa watu wengine. Medicaid na CHIP, bima ya serikali kwa watoto, hazina dirisha. Unaomba Januari, Julai, siku yoyote. Majimbo 40 na jiji la Washington yamepanua Medicaid hadi asilimia 138 ya mstari wa umaskini kwa watu wazima. Majimbo 10 hayakupanua, na baadhi yake ndiko jamii zetu zilikojaa: Texas, Georgia, Tennessee. Huko raia mtu mzima asiye na watoto, mwenye kipato chini ya mstari wa umaskini, kwa kawaida hapati Medicaid wala ruzuku ya soko, ule msaada wa serikali wa kulipia ada. Ni maskini mno kusaidiwa. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Kati ya 2022 na 25 Agosti 2025 palikuwa pia na njia ya wenye kipato cha hadi asilimia 150 ya mstari huo kujiandikisha mwezi wowote. Imefungwa. Matangazo ya zamani yanayozunguka WhatsApp yakisema "jiandikishe wakati wowote ukiwa na kipato kidogo" yamepitwa na wakati.

Kuchagua mpango hakujakamilisha kazi. Soko linaweza kukutaka uthibitishe: barua ya mwajiri, barua ya bima iliyoisha, pasi yenye muhuri wa kuingia nchini. Una siku 30 baada ya kuchagua kutuma karatasi hizo. Kisha kuna ada ya kwanza, na bima haipo mpaka uilipe. Mtu hupokea barua ya pongezi yenye jina la kampuni na namba ya uanachama, akaiweka kwenye droo pamoja na pasi za watoto, na siku anayofika kliniki karani anamwambia hana bima. Anayepewa ruzuku akishaanza kulipa kisha akakwama hupewa miezi mitatu ya uvumilivu, lakini ni mwezi wa kwanza tu ambao kampuni inalazimika kuwalipa madaktari.

Kuhusu bei nitasema kwa kifupi. Ruzuku iliyoongezwa mwaka 2021 wakati wa korona ilimalizika 31 Desemba 2025, baada ya Bunge kushindwa kuelewana na serikali kufungwa siku 43 tangu Oktoba. Ruzuku ya awali ipo, lakini ukomo umerudi: kwa bima ya 2026 mtu mmoja mwenye kipato cha mwaka cha hadi dola 62,600 anaweza kusaidiwa, na anayezidi kidogo tu hapati hata senti. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 pia aliyepokea ruzuku kubwa kuliko alivyostahili atairudisha yote, pasipo kile kikomo kilichokuwa kikiwalinda wa kipato cha chini na cha kati. Kwa dereva wa lori ambaye mapato yake hupanda na kushuka, kukisia kipato mwanzoni mwa mwaka kumekuwa hatari. Dawa yake ni kuingia kwenye akaunti na kurekebisha makadirio kila kazi inapobadilika, kazi ya dakika chache ambayo wachache sana huifanya.

Katika pengo kati ya dirisha moja na jingine ndimo wanamojipenyeza wauzaji wa vitu vinavyofanana na bima. Kuna mipango ya muda mfupi, kuna mipango inayolipa kiasi maalumu kwa siku ya kulazwa, kuna vyama vya kidini vya kuchangiana matibabu. Vingi haviko chini ya masharti ya sheria ya 2010, hivyo vinaweza kukataa ugonjwa uliokuwa nao tangu zamani. Ishara ni moja: muuzaji anayekupokea mwezi wa saba bila kukuuliza nini kimebadilika maishani mwako, yaelekea hauzi bima ya soko. Wapo pia mawakala wanaowaandikisha watu bila ridhaa yao ili wapate kamisheni. Katika miezi minane ya kwanza ya 2024 serikali ilipokea malalamiko zaidi ya 200,000 ya aina hiyo. Namba ya usalama wa jamii si ya kumpa mtu aliyekupigia simu akikuahidi kadi ya zawadi.

Wasaidizi wa bure, wale wanaoitwa waelekezi, wamepungua sana: Februari 2025 serikali ilitangaza kuishusha bajeti yao kutoka dola milioni 98 hadi milioni 10 kwa mwaka katika majimbo ya HealthCare.gov. Mkalimani wa simu bado ni bure, na Kiswahili kimo. Mwombe. Kumkalisha mtoto wa darasa la sita atafsiri fomu ya kodi na ya uhamiaji ni kumbebesha asichokiweza, na kosa lake moja la tarehe linaweza kuigharimu nyumba nzima bima ya mwaka.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba tarehe ndizo zinazoamua. Kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi, ambao ni sehemu kubwa ya Wakongo na Warundi walioko Marekani, sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imeweka mzani mwingine. Kuanzia 1 Oktoba 2026 mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye hajapata Green Card hastahili tena Medicaid ya serikali kuu, ingawa majimbo yanaweza kuendelea kuwahudumia watoto na wajawazito wenye hadhi halali. Kuanzia 1 Januari 2027 hatapata pia ruzuku ya soko. Anaweza kununua, ila kwa bei kamili, ambayo kwa familia ya mfanyakazi wa kiwanda cha nyama ni kama kuambiwa asinunue. Na tangu 2026 mwenye hadhi halali anayesubiri miaka mitano ya Medicaid, akiwa na kipato chini ya mstari wa umaskini, amekwisha kuondolewa ruzuku. Mgeni wa Green Card aliyefika Septemba akafanya kazi ghalani miezi mitatu anaweza kuangukia humo, kwa kuwa kinachohesabiwa ni kipato cha mwaka mzima.

Mkimbizi anatakiwa kuomba Green Card akitimiza mwaka mmoja nchini, na akiipata hahitaji kungoja miaka mitano ya Medicaid. Zamani kuchelewa kuomba hakukumgharimu bima. Chini ya sheria hii kunamgharimu daktari. Lakini Novemba 2025 idara ya uhamiaji, USCIS, iliagiza wakimbizi walioingia tangu Januari 2021 hadi Februari 2025 wachunguzwe upya, na Green Card zao zisiidhinishwe wakati huo. Serikali moja, kwa mkono mmoja imeifanya kadi kuwa sharti la bima, kwa mkono mwingine imeishikilia kadi. Aliyeomba mapema na aliyezubaa wamewekwa kwenye benchi moja.

Kinachobaki kwao ni vituo vya afya vya jamii, ambavyo hutoza kulingana na kipato, na chumba cha dharura, ambacho kwa sheria ya 1986 lazima kimpime kila anayeingia na kumtuliza hali yake kabla ya kumruhusu. Cha kwanza kitampimia presha na kumpa dawa za sukari. Cha pili kitamtoa kwenye hatari ya usiku ule. Kwa mwenye saratani inayodai matibabu ya miezi minane, vyote viwili havitoshi.